Barua Aliyoisoma Kaka Yangu

Kwa miaka mingi watu wa kwetu Kilimatinde walikuwa na jibu moja kwa mzazi aliyetaka kumpeleka mwanawe shule ili aje kuwa mfanyabiashara. Walimwambia, "Mwangalie mtoto wa muuza nta." Mtoto huyo alikuwa kaka yangu. Alisoma shule ya Mdachi, Mjerumani wa siku zile, hapo hapo mjini, akapelekwa shule kubwa ya pwani, akarudi na elimu yake, na kazi ya baba yetu ikafa muda mfupi tu baada ya yeye kurudi. Hivyo ndivyo inavyosemwa, na mimi niliyekuwa na la kusema niliwaacha waseme. Sasa nimezeeka, jambo lenyewe halijazeeka, ndiyo maana naliandika.

Baba alikuwa akinunua nta. Wagogo wa bondeni walimletea, na Wakimbu wa misitu ya Itigi, ikiwa imeyeyushwa na kugandishwa vyunguni mpaka ikawa mikate mikubwa ya rangi ya udongo mwekundu. Aliikusanya katika chumba cha uani mpaka ikatosha mizigo ya msafara, kisha akaipeleka Bagamoyo kwa mshirika wake, rafiki yake tangu ujana, naye akaiuza kwa Wazungu. Mama alikuwa amefariki tukiwa wadogo. Nyumbani tulikuwa watu watatu, Baba, kaka yangu, na mimi niliyezaliwa miaka miwili baada ya kaka, na nyumba nzima ilinuka asali.

Sote wawili tulianzia chuoni, kwa mwalimu aliyefundisha Kurani nyuma ya msikiti. Kaka alikuwa na sauti nzuri mno. Baba akipita njiani na kumsikia alisimama mpaka sura iishe, hata kama jua linachoma. Mdachi alipofungua shule karibu na boma na kuagiza watu wa mji watoe watoto wa kiume, wenzake Baba waliwaficha wa kwao vijijini kwa jamaa. Baba alimshika kaka mkono akampeleka mwenyewe, kabla askari hajapiga hodi.

Sababu yake aliisimulia mara nyingi, na kila akiisimulia alikasirika upya. Safari moja huko Bagamoyo alisimama mbele ya mnunuzi wa Kizungu akiwa na mkalimani. Mzungu alisema maneno mengi, akapiga meza, akaionyesha nta kwa kidole, akasema tena. Mkalimani akamgeukia Baba akamwambia, "Anasema hataki." Njia nzima ya kurudi bara Baba alikuwa akijiuliza maneno mengine yale yalikwenda wapi. Akaapa kwamba mtoto wake atakuja kusimama mahali pale bila mkalimani.

Mwalimu wa chuo alikuja nyumbani kumsihi. Alisema kijana bado hajajua kusoma, ndiyo kwanza anaanza kushika, aachiwe mwaka mmoja zaidi. Baba akacheka. "Mwalimu, nimemsikia kwa masikio yangu. Anasoma kama maji. Na huko anakokwenda ni kusoma pia. Herufi ni herufi."

Kaka alikuwa hasomi. Alikuwa anakariri, kama sisi sote tulivyokariri. Hata zile herufi alizozitambua alizijua zikiwa na irabu zake juu na chini, kama zilivyo katika msahafu. Barua za wafanyabiashara wa siku zile hazikuandikwa hivyo. Ziliandikwa mbio mbio kwa herufi zile zile za Kurani, si za Kizungu alizokwenda kufundishwa shuleni, tena bila irabu, na msomaji alijijazia mwenyewe kwa kujua Kiswahili na kumjua aliyeandika. Mimi hilo nililijua kwa sababu mtoto wa kike hakuna aliyemtaka shuleni. Nikabaki chuoni, na mke wa mwalimu, ambaye aliwaandikia barua wanawake walioachwa na waume zao kwenda safari, akanipenda akanifundisha mwandiko wake. Hakunifundisha kwa ajili ya kazi yoyote. Alitaka tu mtu wa kumpunguzia.

Kaka alifaulu, na walimu wa Kidachi wakamchagua aende shule kubwa ya pwani kwa miaka mitatu. Siku ya kuondoka Baba alimwambia mbele yangu, "Soma mpaka waishiwe la kukufundisha, kisha rudi. Kibaraza hiki ni chako."

Mwaka ule ule macho ya Baba yakaanza kumsumbua. Vumbi la kiangazi cha kwetu halina huruma, na vikope vimewapofusha wengi. Kope hujikunja kwa ndani, zikalikwaruza jicho mpaka likawa jeupe. Alijaribu dawa za Wagogo na dawa za boma, zote zikamwashia moto tu. Mwaka wa pili alikuwa anaona kivuli cha mtu, mtu mwenyewe hamwoni. Watu wa mjini walijua wakamstahi. Lakini warina asali wa mbali hawakutakiwa kujua, maana nta ina ujanja wake. Wapo wanaochanganya shahamu ya ng'ombe, wapo wanaoficha jiwe katikati ya mkate. Baba alikuwa akisema kwamba pua na vidole hununua nusu ya nta, na nusu nyingine hununuliwa kwa kumtazama usoni anayeiuza.

Basi mimi nikawa macho yake. Yeye alikaa kibarazani na tasbihi mkononi, akiwapokea wageni kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakaulizana habari za ng'ombe, za mvua, za watoto na za wagonjwa, na salamu zile si fupi. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango uliorudishwa nusu. Nikiona nta nzuri nilinyamaza. Nikiona mkate unapinda badala ya kuvunjika, au muuzaji anawatazama mbuzi wa jirani wakati Baba ananusa mali yake, niliita, "Baba, kahawa tayari!" Naye alijibu, "Nakuja, mwanangu," akaanza kutafuta namna ya kukataa kwa heshima. Kahawa yenyewe mara nyingi haikuwapo. Mrina mmoja wa Kikimbu alimwambia siku moja kwamba hajaona nyumba inayokunywa kahawa namna hii.

Barua nazo nilisoma mimi. Tarishi akizileta, Baba alizifungua pale pale kibarazani, akazikazia macho yasiyoona, akazikunja. Baadaye tukiwa uani nilimsomea na kumwandikia jibu. Mshirika wake hakujua kwamba mwandiko ule ulikuwa wa msichana.

Niliipenda kazi ile, na siku zile sikumwambia mtu. Niliitaka kuliko nilivyotaka kuolewa. Waposaji walikuja wawili, na mara zote mbili nilishikwa na homa ambayo iliondoka pamoja nao. Nilijua kutoka mbali nta ya Itigi na nta ya bondeni. Nilijua ni mwezi gani nyuki wa wapi wamerinwa. Kila Baba aliponisifu aliongeza maneno yale yale, "Umefanya vizuri. Unamshikia kaka yako mpaka arudi." Nilimjibu, "Ndiyo, Baba," na roho inaniuma.

Kaka alirudi mvua za kwanza zilipoanza. Reli ilikuwa imefika Dodoma, bado haijatupita sisi, hivyo alipanda gari moshi kutoka pwani mpaka Dodoma, kisha akatembea kwa miguu siku nne kuvuka mbuga ya Bahi na kuupanda ukingo wa bonde, ambao juu yake ndipo mji wetu ulipo. Alikuwa amerefuka, kavaa kanzu nyeupe na viatu. Alijua Kidachi, hesabu, kusoma ramani, na kupiga tarumbeta. Alimwamkia Baba shikamoo akiwa amepiga magoti, akalia alipoyaona macho yake. Mimi aliniletea kanga. Nayaandika haya kwa sababu watu walimbambikia majivuno baadaye, na majivuno hakuwa nayo.

Baba alichinja mbuzi. Wazee wa mji wakajaa kibarazani. Alasiri, watu wamekwisha kula, tarishi akafika na barua kutoka kwa mshirika wa Bagamoyo. Baba akaipokea akiwa ananyoosha shingo kwa furaha. "Soma, mwanangu," akamwambia kaka. "Soma kwa sauti, wazee wasikie."

Nilikuwa nyuma ya mlango na sinia mkononi. Nilimwona kaka akiikunjua karatasi. Macho yake yalikwenda juu, yakashuka, yakasimama mahali pamoja. Angeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu, "Baba, maandishi haya siyajui." Lakini wazee wote walikuwa wameacha kutafuna wakimngojea, na Baba ameinamisha sikio. Kaka akakohoa, akaanza. "Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, twatumai nanyi hamjambo. Nta iliyokuja imefika salama. Endelea kuleta kama kawaida, na Mungu akupe afya." Aliipanga vizuri, kwa sauti ile ile ya chuoni. Wazee wakasema mashaallah. Baba akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Mimi nilijua papo hapo. Mshirika yule hakuwahi kuandika barua fupi maishani mwake.

Kesho yake asubuhi, nikifagia chumba cha Baba, niliitoa katika kikapu chake cha barua nikaisoma nimesimama. Mshirika alisema anaifunga nyumba ya Bagamoyo, kwa kuwa mizigo yote ya bara sasa itashuka kwa reli. Amemtuma mtu wake Dodoma, akae karibu na stesheni mpaka mwezi utakapoandama. Anataka mmoja wa washirika wake wa zamani ahamie hapo, amkabidhi kazi ya kununua nta yote ya Ugogo na kuipakia garini. Wa kwanza kumfikiria ni Baba. "Ukija, kazi ni yako na ya wanao," aliandika. "Usipokuja kabla ya mwezi kuandama nitajua umechoka, nami nitampa mwingine, wala hatutalaumiana."

Nilihesabu siku. Zilikuwa zimebaki kumi na nane, na kwa mwendo wa Baba na mkongojo wake, Dodoma ilikuwa siku tano.

Nikaikunja barua nikairudisha kikapuni. Nilijiambia nisubiri kidogo. Nikisema leo, Baba atamsamehe kaka, wataona haya siku moja, kisha watakwenda Dodoma wawili na mimi nitabaki kufagia. Lakini kaka akikaa kibarazani siku kadhaa, akanunua shahamu, akagombana na warina, Baba mwenyewe atachoka naye. Boma walikuwa wamekwisha kumwita awe karani. Ataambiwa aende huko kwenye elimu yake. Hapo ndipo nitaitoa barua, na Dodoma tutakwenda Baba na mimi. Niliona muda upo wa kutosha.

Na kweli kaka alikosea. Baba alimwachia kibaraza peke yake makusudi, ili apate mazoea. Mrina wa kwanza aliyefika aliulizwa jina na kijiji kabla ya salamu, na kaka akayaandika katika daftari. Yule bwana akadhani anaandikishwa kodi. Akaibeba nta yake kichwani akaondoka, na nasikia alipofika kwao aliwaonya wengine. Siku iliyofuata ikaletwa nta ambayo hata mimi kutoka mlangoni niliiona inang'aa mafuta. Mazoea yana nguvu, nikajikuta nimeita, "Kaka, kahawa tayari!" Kaka akajibu kwa ukarimu, "Ilete huku, na ya mgeni." Baba hakuwa amemweleza, aliona haya mwanawe ajue jinsi alivyokuwa akiishi. Mimi nami sikumweleza. Wakanywa kahawa wote wawili, na mzigo mzima ukaingizwa ndani. Nilicheka jikoni mpaka machozi yakanitoka. Kicheko kile sikipendi hata kidogo ninapokikumbuka.

Siku ya sita tangu niisome barua, kaka alizungumza na Baba uani, nami naosha vyombo karibu nao.

"Baba, Bagamoyo imekwisha," alisema. "Nimelipanda gari moshi, nimeona. Na shuleni tulionyeshwa kwenye ramani, reli inatoka Dar es Salaam, Bagamoyo haigusi. Mizigo yote itaifuata reli. Baada ya mwaka mmoja hakuna msafara utakaopita hapa. Twende Dodoma tukatafute nafasi, kabla wengine hawajaamka."

Mikono yangu ilisimama ndani ya maji. Alikuwa amesema maneno ya ile barua, karibu yote, bila kuisoma. Shule ndiyo iliyomwonyesha.

Baba alimtafuta bega akamshika. "Mwanangu, umesema vizuri, na ni fikra za mtu mkubwa. Lakini mshirika wangu yuko pale pale bandarini, anaona yote. Kungekuwa na jambo kama hilo angeniandikia. Na barua si umeisoma mwenyewe juzi? Amesema tuendelee kama kawaida."

Kaka akainuka, akatoka uani.

Baadaye alinifuata nyuma ya nyumba nilikokuwa natwanga mtama. Alisimama kando ya kinu, akasema bila kuzunguka, akitazama miguu yake. "Mdogo wangu, wewe ulibaki chuoni. Barua ile sikuisoma. Sikujua hata neno moja. Wewe unaweza kuisoma?"

"Nimeshaisoma," nikamwambia.

"Inasema nini? Kama ina jambo, nakwenda kwa Baba sasa hivi nikamwambie kwa mdomo wangu. Liwalo na liwe."

Nilikuwa na mchi mkononi. Nakumbuka nilitwanga mara mbili kabla ya kujibu. "Ulibahatisha," nikasema. "Ni salamu, na nta iende kama kawaida."

Akashusha pumzi ndefu. Akanishukuru. Akanigusa kichwani kama alivyozoea tulipokuwa watoto, akaenda zake. Nimesema uongo mwingine katika maisha yangu, lakini ule tu ndio nilioshukuriwa.

Kutoka hapo nilidhani itakuwa rahisi, na ikawa ngumu kila siku. Siku ya saba nilitaka kusema nikaona kwamba sasa nitalazimika kueleza uongo wa siku ya sita. Ya nane hivyo hivyo. Nilimchukia kaka kwa kuwa mwema kwangu, na usiku wa mwezi ulivyozidi kupungua ndivyo nilivyozidi kumchukia. Siku ya kumi na moja niliogopa kweli. Nikaingia chumbani kwa Baba nikamwambia kwamba nimeikuta ile barua nikaisoma, na kwamba haikusema yale aliyoyasikia. Nikamsomea yote, neno kwa neno. Sikumwambia niliisoma lini, naye hakuuliza.

Alimwita kaka. "Siku ile uliisoma barua hii?"

"Sikuisoma, Baba."

"Uliyasema yale kutoka wapi?"

"Niliyatunga. Niliona haya mbele ya watu."

Baba alinyoosha mkono akaichukua karatasi, akaikunja. "Shule zote zile," akasema, "na hawakukufundisha kusema sijui?" Kisha akauliza, "Kuna mwingine aliyejua?"

Kaka alinitazama. Mara moja tu, na nikaona kwamba ameelewa kila kitu, mchi na kinu na shukrani aliyonipa. Nilingoja aseme. Akamgeukia Baba. "Hakuna, Baba. Ni mimi tu."

Waliondoka alfajiri, kaka akimwongoza Baba kwa mkongojo. Siku saba zilikuwa zinatosha. Ila mvua iliyonyesha siku ile ilikuwa ya aina ambayo kwetu huja mara moja na kubadili nchi. Kutoka ukingoni niliiona mbuga ya Bahi ikigeuka maji matupu, na wao walikuwa chini huko. Walikaa siku nne kwa Wagogo wakingoja njia ionekane, kisha wakapita tope la kiunoni, kaka amembeba Baba mgongoni. Walifika Dodoma siku ya pili baada ya mwezi kuandama. Kazi alikuwa amepewa mtu wa Kondoa ambaye hakujua kusoma herufi za aina yoyote. Naye aliandikiwa awe tayari Baba asipofika, barua yake akasomewa na imamu wa msikiti wao, na siku ile ile akafunga mizigo. Mtu wa mshirika aliwapa chai, akawaambia anasikitika.

Haukupita mwaka, warina wote walikuwa wanapeleka nta Dodoma. Chumba cha uani kikabaki na harufu tu. Kaka alikwenda kuwa karani wa reli huko huko, akawa anatutumia matumizi. Na mji ukatoa hukumu yake. Walisema shule imemharibu kijana, angeachwa kibarazani na baba yake angekuwa tajiri. Aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa Baba mwenyewe. Kila askari walipopita kutafuta watoto wa shule, wazazi walikuja kumwuliza, naye aliwaambia, "Mnataka awe karani wa watu, mpelekeni. Mnataka awe na kazi yake, mficheni." Jirani yetu mshonaji nguo alikuwa na mtoto aliyekuwa akililia shule, anataka siku moja afungue duka la vitambaa. Alimficha machungani huko Manyoni kwa maneno ya Baba. Mimi nilikuwapo mlangoni, nilisikia, nikaendelea kuchambua mchele.

Miaka miwili baadaye kaka alipata likizo akaja kutuona. Alasiri moja walikuwa wamekaa kibarazani yeye na Baba, na yule mshonaji akaja tena, safari hii kwa ajili ya mtoto wake wa pili. Alitaka kujua kama kweli elimu haina faida kwa mtu wa biashara.

Baba akacheka kicheko kikavu. "Unaniuliza mimi kwa nini? Mwenyewe si huyu hapa. Mwambie, mwanangu. Mwambie shule ilikupa nini."

Kaka aliinamisha kichwa. "Baba anasema kweli," akamwambia mshonaji.

Sijui ni kitu gani kilichonisukuma. Sikuwahi hata siku moja kuuvuka mlango ule kukiwa na wageni wanaume. Niliuvuka. Nilisimama katikati yao kibarazani, mikono ina unga, nikasema, "Si kweli. Shule ilimwambia kaka aende Dodoma, na alikuambia, Baba, ukakataa. Barua ile niliisoma kesho yake tu asubuhi. Nilijua siku zote kumi. Kaka alinijia akaniuliza ina nini, akataka aje akuungamie, nami nikamdanganya kwamba haina kitu."

Mshonaji alisimama, akaaga kwa adabu, akaondoka. Sikujua alikwenda kuamua nini.

Baba alikuwa akihesabu tasbihi. Alifika mwisho wa uzi kabla ya kusema. "Ulikuwa unataka nini?"

"Kibaraza," nikasema.

"Hiki?"

"Hiki. Kazi. Nilitaka iwe yangu."

Aligeuza uso kunitafuta, akautazamisha upande ambao sikuwapo. Hasira sikuiona. Niliona mtu aliyeshangaa.

"Sasa mbona hukuniomba?" akauliza. "Ningekupa."

Mimi niliingia ndani nikakaa chini. Kwanza nilikasirika, maana ni mara ngapi aliniambia namshikia kaka nafasi, na mara ngapi nilimjibu ndiyo Baba? Kisha nikatafuta katika kichwa changu siku moja, hata moja, niliyomwambia kwamba naitaka. Sikuipata. Baba alifariki Mdachi akiwa bado yuko bomani, na sikumwuliza tena kama alisema kutoka moyoni au alitaka tu kuniumiza. Nimeishi miaka yote hii nikiomba kwamba alisema uongo.